Mwangwi uliokatwa vipande: historia ya dilei ya spektra

Najua nimepotea, ila mwenye test tatu ndani ya wiki moja atanielewa. Leo sina umbea wa hosteli. Nawaletea historia ya kitu ambacho wale mnaotengeneza biti chumbani kwa laptop huenda mmeshakigusa bila kujua ukoo wake: dilei ya spektra.

Kwanza tuelewane ni mdudu gani. Dilei ya kawaida kila mtu anaijua. Unaimba neno, baada ya nusu sekunde linarudi zima zima, kama mwangwi wa bondeni. Dilei ya spektra hairudishi neno zima. Inalipasua kwanza kwa masafa, yaani besi huku, sauti za kati pale, zile nyembamba za juu kule, halafu kila kipande kinapewa muda wake wa kuchelewa. Chukua neno "shilingi". Lile "sh" la mwanzo ni upepo mtupu, linakaa juu. Irabu zake zina mzizi chini. Ukiamuru sauti za chini zirudi haraka na za juu zichelewe sekunde nzima, utasikia kwanza mtu kama anaguna, kisha nyuma yake "sh" inakuja peke yake kama mvua ya manyunyu juu ya bati. Neno ni lile lile, ila limefika kwa mafungu.

Nani aliwaza kitu kama hiki? Jibu si mtu mmoja. Ni mlolongo wa watu, na baadhi yao hawakuwa na habari na muziki kabisa.

Tuanze na mwangwi wenyewe. Mwaka 1944 mjini Cairo, kijana wa Kimisri Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akaenda kurekodi ngoma ya zaar, ile ya kutuliza pepo. Aliporudi studio akaanza kuichezea rekodi: akapunguza sauti za chini, akabakiza za juu, akazirindimisha kwenye chumba chenye mwangwi. Pierre Schaeffer alifanya majaribio yake redioni Paris mwaka 1948, miaka minne baadaye, na wengi huanzia hadithi hapo. Mimi naanzia Cairo, na nawaomba na nyie mfanye hivyo.

Huko Memphis, Marekani, mwaka 1954, Sam Phillips wa Sun alimrekodi Elvis Presley kwa ule mwangwi mfupi wa tepu uliokuja kuwa maarufu. Siri yake ni umbali tu. Kwenye mashine ya tepu, kichwa kinachorekodi na kile kinachosoma vimeachana kidogo. Tepu ikikimbia sentimita 38 kwa sekunde, na vichwa vikiachana sentimita 5, sauti inarudi baada ya milisekunde 130 hivi. Basi, hiyo ndiyo dilei. Muda umegeuzwa kuwa urefu wa utepe.

Kisha njoo Kingston, Jamaika, miaka ya 1970. Fundi wa redio, Osbourne Ruddock, anayejulikana kama King Tubby, alikuwa na miksa ya njia nne yenye kitufe kikubwa cha kuzungusha kinachochuja besi hatua kwa hatua. Alikuwa anaondoa sauti ya mwimbaji, anabakiza ngoma na besi, halafu ghafla anarusha neno moja au pigo moja la ngoma ndani ya mwangwi, huku mkono mwingine unazungusha chujio. Hakuwa na ofisi ya utafiti. Alikuwa na chuma cha kuchomelea waya na masikio.

Mnaona kinachojitokeza? El-Dabh na Tubby walishajua kwa masikio kwamba mwangwi unanoga zaidi ukiuchagulia masafa. Kilichokosekana ni kisu. Chujio la Tubby lilikata mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kupasua sauti mara mia na zaidi, kila sehemu ndogo sana ya sekunde, kulihitaji hesabu.

Na hesabu yenyewe, amini usiamini, inapita Cairo tena. Joseph Fourier, yule adui wa wengi wetu wa mwaka wa pili, alifuatana na jeshi la Napoleon kwenda Misri mwaka 1798, akawa katibu wa taasisi ya sayansi iliyoundwa Cairo. Aliporudi Ufaransa akapewa ukuu wa mkoa kule Grenoble. Katikati ya mafaili ya ofisi akawa anasumbuka na swali moja: joto linasafirije ndani ya kitu kigumu? Mwaka 1807 akapeleka andiko Paris akidai kwamba umbo lolote lile, hata liwe na kona kali, linaweza kuandikwa kama jumla ya mawimbi laini. Mkubwa wa hesabu wa enzi hizo, Lagrange, akakataa. Kitabu cha Fourier kuhusu joto kikaja kutoka mwaka 1822. Ukibadilisha neno "joto" ukaweka "sauti", umeshapata nusu ya plagini yako.

Nusu ya pili ni kasi, na hapa ndipo stori inaponikamata. Chukua sampuli 1,024 za sauti. Kwa kiwango cha CD, sampuli 44,100 kwa sekunde, hicho ni kipande cha milisekunde 23 tu. Kukipasua kwa njia ndefu ya Fourier ni kuzidisha 1,024 kwa 1,024, yaani hatua zaidi ya milioni moja. Na vipande vinatakiwa kupishana ili sauti isikwaruze. Vikipishana kwa robo unahitaji vipande 172 kila sekunde. Hizo ni hatua milioni 180 kwa sekunde moja ya wimbo. Kompyuta za miaka ya 1960 zingelala chini.

Mkombozi hakutoka studio. Alitoka kwenye woga wa mabomu. Wakati wa Rais Kennedy, Marekani na Umoja wa Kisovieti walikuwa wanabishana namna ya kuhakikisha hakuna anayelipua nyuklia ardhini kwa siri. Njia mojawapo ilikuwa kusikiliza mitetemo ya ardhi na kuipasua kwa masafa. Mwanahesabu John Tukey alikuwa na wazo la kufupisha kazi hiyo. Mwanafizikia Richard Garwin akaliona, akalipeleka IBM kwa James Cooley alitengenezee programu. Cooley aliambiwa kwamba ni kwa ajili ya utafiti wa fuwele za heliamu! Mwaka 1965 Cooley na Tukey wakachapisha. Zile hatua milioni moja zikashuka hadi elfu kumi hivi, yaani nafuu ya mara mia. Baadaye ikagundulika kwamba Gauss alikuwa ameshaandika ujanja kama huo kwa Kilatini, karibu mwaka 1805, akihesabu njia za miili ya angani, na andiko lake likachapishwa akiwa ameshafariki.

Sasa shikeni hili, maana nitalirudia. Mwanasheria wa hataza aliona kwamba kanuni ile inaweza kumilikiwa. Uamuzi uliofikiwa IBM ukawa ni kuichapisha na kuiacha wazi, ili asitokee mtu wa kuifungia. Ndiyo maana leo imo ndani ya simu yako na hudaiwi hata senti.

Kutoka hapo mambo yakaenda kwa ngazi. Mwaka 1966 Flanagan na Golden wa Bell Labs walieleza vokoda ya fezi, chombo cha kuchambua usemi kwa masafa na kuuunganisha tena. Nia yao ilikuwa simu, kubana maneno yapite kwenye nafasi ndogo. Mwaka 1976 Portnoff akaonyesha namna ya kuiendesha kwa ile njia ya haraka ya Cooley na Tukey. Wanamuziki wakaidaka. Trevor Wishart wa Uingereza aliitumia IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki mjini Paris, kwenye kazi yake Vox 5 ya mwaka 1986, ambamo sauti ya binadamu inageuka kuwa sauti za viumbe na vitu vingine. Enzi hizo unaipa kompyuta kazi, unaenda kunywa chai, unarudi, bado inahesabu. Mwaka 1994 Zack Settel na Cort Lippe wakaeleza namna ya kubadili spektra papo hapo, mwanamuziki akiwa anapiga, kwa kutumia mashine maalumu ya IRCAM. Mwanafunzi wa kawaida angeiona kwenye picha tu.

Halafu kompyuta za mezani zikakua. Mwaka 1996 Steinberg wakaleta VST, mlango wa kuchomeka plagini ndani ya programu ya kurekodia. Na mwaka 2001 Native Instruments ya Berlin ikatoa Spektral Delay. Hapo ndipo kitu hiki kilipoingia vyumbani. Ilipasua kila upande wa stereo hadi bendi 160, na kila bendi ikawa na muda wake wa kuchelewa, ukubwa wake na fidibeki yake, yaani kiasi cha sauti kinachorudishwa ndani kizunguke tena. Hukuhitaji kuandika namba. Ulichora mstari kwa mausi. Ukichora kilima, masafa ya katikati yanachelewa kuliko wenzao. Ukichora meno ya msumeno, sauti inarudi kama shanga zilizokatika uzi.

Ndani yake kazi ni hiyo hiyo: kata kipande, kipasue, weka kila kisanduku cha masafa kwenye foleni yake, kisha unganisha vinavyotoka na uvirudishe kuwa sauti. Kwa mfano wetu wa sampuli 1,024, hatua moja ni milisekunde 5.8, kwa hiyo nusu sekunde ni foleni ya vipande 86.

Ila hakuna cha bure, na hapa wengi huishia kulaumu spika. Sampuli 1,024 zinakupa visanduku vya upana wa Hz 43. Noti mbili za besi, moja ya Hz 41 na jirani yake ya Hz 44, zinabanana na hutaweza kuzitenganisha vizuri. Ukiongeza hadi sampuli 4,096 unapata visanduku vya Hz 11, safi, lakini kipande sasa kina milisekunde 93 na pigo la ngoma linapakaa kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Ukitaka masafa kwa usahihi, unapoteza wakati. Ukitaka wakati, unapoteza masafa. Si ubovu wa plagini. Ni hesabu yenyewe.

Kwa hiyo ushauri wa bure: iweke kwenye sauti ya mwimbaji, gitaa au zeze, sio kwenye ngoma yote. Bendi za chini ya Hz 150 zipe kuchelewa sifuri, la sivyo besi itakuwa tope. Na fidibeki usiifikishe asilimia 100, labda kama unataka kuamsha korido nzima.

Spektral Delay iliondolewa sokoni miaka mingi iliyopita. Hilo ndilo lililonifanya niandike. Mshkaji wa chumba cha jirani aliletewa na kaka yake diski yenye nyimbo walizotengeneza mtaani mwaka 2005. Kaka mtu anataka kuzitoa upya, kwa sababu mmoja wa walioimba ameshatangulia mbele ya haki. Tukafungua. Sauti zote zipo, kisha ujumbe: plagini haipatikani. Jina lake silitaji, haisaidii. Ule mwangwi uliokuwa roho ya wimbo haukuwemo kwenye faili. Ulikuwemo kwenye programu ambayo haifunguki tena kwenye mashine za leo.

Kilichotuokoa ni ule upande wa historia ulioachwa wazi. Mwaka 2004 David Kim-Boyle alichapisha maelezo ya namna ya kuunda dilei ya spektra, kwenye mkutano wa DAFx mjini Naples. Mwaka 2009 Välimäki, Abel na Smith wakaeleza njia nyingine, ya mlolongo wa machujio. Pure Data, programu ya Miller Puckette, ni ya bure tangu miaka ya 1990. Jioni tatu tukaunganisha visanduku, kaka mtu akiwa kwenye simu: "Hapana bwana, hizo 'sh' zilikuwa zinachelewa zaidi." Tunaongeza. "Bado." Tunaongeza tena. Jioni ya tatu akanyamaza, halafu akasema tusiguse tena.

Wenye hela wana dilei ya spektra mpya, mfano Spectral Time ndani ya Ableton Live 11 ya mwaka 2021. Nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini bidhaa ina tarehe ya kufa, na kanuni iliyochapishwa haina. Kwa hiyo fanyeni mawili. Mkimaliza wimbo, toeni kila sauti kama WAV, yenye efekti na isiyo na efekti. Na mkipenda plagini fulani, jifunzeni inafanya nini ndani, maana siku muuzaji akifunga duka mtabaki na hicho tu.

Mimi naishia hapa, kesho saa mbili asubuhi nina test, na desa lenyewe bado sijalipata.