Bunduki iliyolala kisimani miaka 450

Hapa kwetu hakuna wa kufundishwa mlio wa bunduki. Lakini bunduki ya kushika mkononi ilianzia wapi? Na watu wanajuaje umri wake, wakati chuma hakina kinywa? Tuangalie historia hiyo, maana ndani yake kuna jambo linalotugusa.

Mwaka 1849, huko Ujerumani, watu walichimba magofu ya ngome ya Tannenberg, katika jimbo la Hesse. Ndani ya kisima cha kuwekea maji ya mvua walikuta mtutu mfupi wa bronzi, urefu sentimita 32, uzito kilo 1 na gramu 240 hivi. Hauna kitako wala kifyatulio. Upande wa nyuma una shimo la kuchomekea mti wa kushikia. Mpiganaji alishindilia baruti, yaani shura, kiberiti na makaa vilivyosagwa pamoja, akatia risasi, kisha akagusisha moto kwenye tundu dogo. Ulipotolewa kisimani, mtutu huo ulikuwa bado na risasi ndani.

Umri wake ulijulikanaje? Wakubwa wa ngome ile walikuwa wakipora wafanyabiashara njiani. Mnajua wenyewe maisha ya barabara yenye kamba na watu wenye silaha. Mwaka 1399 watawala wa jirani na mji wa Frankfurt waliungana, wakaleta mizinga, wakaibomoa. Haikujengwa tena. Basi bunduki iliyofukiwa chini ya magofu yale ni ya 1399 au kabla yake. Aliyetoa ushahidi ni kisima, si mtutu.

Huko China mambo yalikwenda vilevile. Mwaka 1970, katika jimbo la Heilongjiang, ulipatikana mtutu wa bronzi wa kilo 3 na nusu hivi. Hauna maandishi yoyote. Watafiti walitazama mahali ulipokutwa na vitu vilivyokuwa karibu nao. Wakasoma pia historia ya utawala wa Yuan, inayosimulia vita vya 1287 na 1288 katika eneo lile, na askari waliobeba silaha za moto. Ndiyo maana wanauweka karibu na mwaka 1288. Mtutu mwingine, wa Xanadu, umeandikwa tarehe inayolingana na 1298. Ulaya, picha ya mzinga inayojulikana kuwa ya kwanza ilichorwa Uingereza mwaka 1326. Kwa hiyo tunaona njia: baruti ilizaliwa China, ikasafiri kuelekea magharibi.

Leo wako wanaokusanya silaha hizi kwa kupenda historia, na wako wanaozitafuta kwa pesa tu. Anayechimba kwa siri ili auze anaharibu jambo moja kubwa: anakitenga kitu na mahali pake. Mtutu ukifika sokoni bila kujulikana ulitoka shimo gani, unabaki kipande cha bronzi. Hata wa bandia unaweza kusimama kando yake, na mnunuzi asijue tofauti.

Hapo ndipo jambo linatugusa. Anayekimbia vita hubeba kidogo: sahani ya mama, kiti cha babu, picha moja. Vitu hivyo pia vinaweza kupoteza ushahidi wao. Mwambie mtoto wako kilitoka kijiji gani, nani alikitengeneza, mlikimbia nacho mwaka gani. Kama kuna daftari, andika. Siku ya kurudi, au siku ya kuulizwa shamba lilikuwa la nani, maneno hayo yatakuwa na uzito.

Na la mwisho, wazazi, liwafikie watoto. Bunduki ya Tannenberg ilikaa na risasi yake miaka 450. Silaha zilizoachwa katika mashamba yetu ni za juzi. Ukiona bomu, guruneti au risasi, hata kama imeshika kutu, usiiguse, usiipige jiwe, usiiuze kama chuma chakavu. Weka alama kwa mbali, kisha mwambie nyumbakumi au chifu.