Plastiki ya nyonga bandia: Kuteleza ni jambo moja, kudumu ni jingine

MKAZI wa milima ya Iveti au Mua, katika Kaunti ya Machakos, hupanda na kuteremka matuta kila uchao. Wataalamu wanaopima viungo bandia hukadiria kwamba mguu mmoja hupiga hatua milioni moja hivi kwa mwaka. Kwa aliyebadilishiwa nyonga, aghalabu kila hatua husugua kichwa cha chuma au cha kauri ndani ya kikombe cha plastiki. Kikombe hicho ndicho kinachoamua, kwa kiasi kikubwa, nyonga itadumu miaka mingapi.

Kanuni yenyewe si ngeni nchini. Pampu ya mkono ya Afridev, iliyofanyiwa majaribio Kwale katika miaka ya 1980, iliwekewa bushi za plastiki. Zikilika, wanakijiji wenyewe huzing'oa na kutia nyingine. Nyonga haina urahisi huo: bushi yake imekazwa ndani ya mfupa, na unga unaotokana na kulika kwake hubaki mwilini.

Aliyeitia plastiki katika nyonga kwa mafanikio ni daktari Mwingereza, John Charnley, wa hospitali ya Wrightington. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichagua Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande, kwa kuwa ni vigumu kupata kitu kigumu kinachoishinda kwa utelezi. Wagonjwa karibu 300 waliwekewa. Maumivu yalikoma, nao wakatembea. Haikupita miaka mingi kabla ya vichwa vya chuma kuchimba vikombe hivyo, na nyama zilizovizunguka kuvimba kwa chembechembe za plastiki. Ikambidi Charnley kuwapasua upya watu aliokuwa amewaponya.

Hapo ndipo palipo kiini cha jambo hili: msuguano na kuchakaa ni vitu viwili. Teflon huteleza kwa sababu molekuli zake hazishikani sana, hivyo tabaka jembamba hubanduka na kuhamia kwenye chuma. Kinachoipa utelezi ndicho kinachoimaliza.

Mwaka 1962 muuzaji mmoja wa plastiki alileta Wrightington kipande cha polithini yenye molekuli ndefu mno, jamaa ya ile inayotengenezewa mitungi ya maji. Charnley aliibonyeza kwa ukucha, akaiona laini, akaikataa. Fundi wake, Harry Craven, aliitia kwenye mashine ya majaribio mkubwa wake akiwa safarini. Baada ya wiki tatu ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja. Charnley alirejea, akaitazama, akabadili msimamo. Hata alijidunga chembe za plastiki zote mbili pajani mwake ili aone mwili utazipokeaje. Zile za Teflon zilimwachia uvimbe.

Polithini haitelezi kama Teflon. Upungufu huo ulifidiwa na umbo: kichwa cha chuma kilikuwa kidogo, cha milimita 22 tu, hivyo nguvu ya kukizungusha kikombe ikapungua.

Kikombe cha polithini ya kawaida hulika takriban milimita 0.1 kwa mwaka. Kwa kikombe chenye unene wa milimita 8, mtu angedhani ana miongo kadhaa ya usalama. La hasha. Hatari haimo katika wembamba wa kikombe bali katika unga wake, ambao chembe zake nyingi ni ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, kisha hutoa kemikali zinazochochea mfupa kuliwa. Nyonga hulegea kutoka kwenye shina lake.

Kwa miaka mingi, viwanda vilichangia tatizo bila kujua. Vikombe vilitakaswa kwa mionzi ya gama penye hewa. Oksijeni ikaidhoofisha plastiki pole pole. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hutumika polithini iliyopigwa mionzi mikali zaidi ili molekuli zifungamane, kisha ikatiwa joto. Baadaye vitamini E iliongezwa katika baadhi yake. Plastiki hii hulika kidogo mno ikilinganishwa na ile ya awali. Utafiti uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2019 ulikadiria kuwa nyonga 58 kati ya 100 hudumu miaka 25. Nyingi za umri huo ziliwekwa kabla ya mageuzi hayo.

Tabu ni kwamba mfupa unaoliwa huenda usiume hadi uharibifu uwe mkubwa. Aliyepasuliwa Nairobi akarudi Machakos anatembea vyema haoni sababu ya kulipa nauli kwenda kupigwa eksirei. Picha hiyo, ikilinganishwa na ya siku za kwanza, huonyesha iwapo kichwa kimezama kikombeni au mfupa umeanza kutoboka. Ikigunduliwa mapema, mara nyingine daktari hubadilisha plastiki pekee. Ikicheleweshwa, hulazimika kutafuta mfupa wa kupandikiza kabla ya kuweka nyonga nyingine.