Dhahabu inayofichua dawa kwenye maziwa

Ng'ombe akiugua kiwele hudungwa antibiotiki, mara nyingi za jamii ya penisilini, na sehemu ya dawa hiyo hutoka na maziwa kwa siku kadhaa. Ndiyo maana dawa za mifugo huwekewa siku za kusubiri, ambazo maziwa yake hayafai kuuzwa. Kanuni za kimataifa za chakula, Codex, zinaruhusu mikrogramu 4 tu za penisilini katika kilo ya maziwa. Kiasi hicho jicho halikioni wala ulimi hauonji, na kuchemsha si dawa, kwani penisilini nyingi hubaki hata baada ya mchemko wa jikoni. Mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika, na vijidudu vinavyoonja dawa kidogo kidogo huizoea. Wagandishaji wa maziwa lala nao huumia: maziwa yenye dawa hukataa kuganda.

Kipimo kinachonivutia hutumia dhahabu. Ikiwa chembe za nanomita kumi na kitu zilizotawanyika majini, dhahabu haina tena umanjano wake. Maji huwa mekundu kama sharubati ya komamanga. Michael Faraday aliyachunguza maji hayo jijini London, na mwaka 1857 akayaeleza. Ukitia chumvi, chembe hushikana, na wekundu hugeuka buluu.

Sasa chembe hizo huvishwa vipande vifupi vya DNA vilivyochaguliwa kuikamata dawa fulani. Vikiwa vimeikumbatia dhahabu, chumvi haifui dafu. Dawa ikiwemo, vipande huiacha dhahabu na kuifuata dawa. Chumvi ikitiwa, rangi hubadilika mbele ya macho yako, bila mashine.

Lakini hayo ni ya maji safi. Protini na mafuta ya maziwa nayo huivisha dhahabu, ikabaki nyekundu hata kama dawa imo, na mnywaji akadanganyika. Kwa hiyo maziwa lazima yatolewe mafuta na protini kwanza, kazi ambayo mchuuzi mwenye baiskeli hana nafasi nayo. Tena kipande cha kukamata tetrasaiklini hakiioni penisilini.

Mimi naona vijiti vya kuchovya, vinavyotumia dhahabu hiyo hiyo kuchora mstari mwekundu kama wa vipimo vingi vya ujauzito, ndivyo vilivyo karibu zaidi na sisi. Hutoa jibu kwa dakika chache. Mahali pake ni kituo cha kukusanyia maziwa, kabla ya maziwa ya ng'ombe mmoja aliyedungwa jana kumiminwa kwenye tangi la wote.