Paa Aliyetupwa Kisimani

Kama ulisoma fasihi simulizi shuleni, ile orodha bado unayo kichwani. Ngano huanza kwa fomyula: Paukwa! Pakawa! Kuna wanyama wanaosema, matukio yanayojirudia, maskini anayeinuka, na mwishowe watu wanaishi raha mustarehe. Tuliikariri, tukaimwaga kwenye karatasi ya mtihani, tukapata maksi zetu. Mimi niliiamini kabisa, hadi nilipokutana na paa mmoja wa Zanzibar.

Paa huyu ana binamu Ufaransa, kwa hivyo tuanzie huko. Mwaka 1697 Charles Perrault alichapisha hadithi ya paka aliyevaa buti. Kijana maskini amerithi paka, basi, hana kingine. Paka anamdanganya mfalme kwamba bwana wake ni tajiri, anamla zimwi aliyejigeuza panya, analitwaa jumba lake, na kijana anamwoa binti mfalme. Paka mwenyewe anakuwa mkubwa, panya anawakimbiza kwa kujifurahisha tu. Kila mtu yuko sawa. Mwisho.

Sasa njoo Unguja. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alifika huko 1864, akaanza kuandika hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Alizichapisha London mwaka 1870, Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Moja ni ya Sultani Darai. Ndani yake yumo Hamdani, fukara anayechakura jaani kama kuku akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumni. Badala ya kununua chakula, ananunua paa kutoka kwenye tundu la mchuuzi, na watu wanamcheka. Kumbe paa anasema! Anaokota almasi, anampelekea Sultani kama zawadi ya bwana wake, anamposea bwana huyo binti. Halafu anamuua nyoka wa vichwa saba (kwa Wazungu mara nyingi ni tatu hivi na tatu vile, kwetu ni saba) na nyumba ya nyoka, na mali yake yote, inakuwa ya Hamdani.

Hadi hapo orodha yetu imetimia. Mwalimu angeweka tiki. Lakini msimulizi wa Unguja hakunyamaza arusi ilipoisha.

Paa anaugua. Anamtuma kizee kwa bwana kumwambia. Hamdani anasema apikiwe uji wa mtama mwekundu. Katika nyumba ile yenye kila kitu! Mke anaona haya, anamkanya mumewe. Jibu la Hamdani ni hesabu: kwani si nilimnunua kwa thumni? Kizee anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, na kila akirudi majibu yanazidi kuwa mabaya. Hapa ndipo nilipoelewa kile kipengele cha "matukio yanayojirudia". Shuleni tuliambiwa kinasaidia msikilizaji kukumbuka. Sawa, lakini hapa kinafanya kazi nyingine: kinampa Hamdani nafasi ya kujirekebisha, mara baada ya mara, na sisi tunamtazama akiipoteza.

Paa anakufa. Anatupwa kisimani.

Kumbuka ni mwaka gani. Kitabu kilipotoka 1870, soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado wazi. Lilifungwa 1873. Waliokaa wakaitikia hadithi hii walijua vizuri maana ya kiumbe kununuliwa kwa bei, kumwita mnunuzi "bwana", kumjengea utajiri, kisha kuhesabiwa tena kwa bei ileile akiugua. Mimi siwezi kuisoma thumni ile bila kuliona soko. Perrault, aliyekuwa akiandikia mabibi na mabwana wa Paris, angeweza kumwacha paka wake akastaafu kwa raha. Unguja mwisho wa namna hiyo ungeaminika na nani?

Sultani, baba wa mke wa Hamdani, anaposikia, analia, na paa anatolewa kisimani na kuzikwa kwa heshima. Watu wanaomboleza. Usiku ule mke wa Hamdani anaota yuko kwa baba yake, na anapofumbua macho yuko huko kweli, kitandani pake. Hamdani naye anaota anachakura jaani. Anaamka, vumbi mikononi, na watoto wanaopita wanamuuliza: "We Hamdani, ulikuwa wapi siku zote hizi?"