Kujitathmini katika dansi

Kujitathmini katika dansi ni zoezi la mwanafunzi kuchunguza mwendo wa mwili wake na jinsi alivyomjenga mhusika, kabla na baada ya onyesho. Ni sehemu ya mafunzo ya sanaa za jukwaani, sambamba na maoni ya mwalimu na ya wenzake.

Msamiati wake unatokana kwa kiasi kikubwa na Rudolf Laban (1879–1958), aliyeuchambua mwendo kwa vipengele vinne: uzito, wakati, nafasi na mtiririko. Mwaka 1928 alichapisha mfumo wa kuandika dansi kwa alama.

Mwendo hupimwa kwa usahihi wa hatua, mizani, pumzi na ulinganifu na mapigo ya ngoma. Uhusika hupimwa kwa mkao, macho, uso na uwezo wa kubaki ndani ya nafsi ya mhusika hata pale mchezaji mwingine ndiye anayecheza. Mwanafunzi anayemwigiza mvuvi wa Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edward, hujiuliza kama nguvu ya kuvuta wavu inatoka miguuni na mgongoni, au mikono tu ndiyo inayopunga. Video huonyesha kosa ambalo mchezaji halihisi.

Kwa mwanafunzi anayetafuta mafunzo hayo, Afrika Mashariki ina vituo vya dansi kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981 na kuitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) tangu 2007. Mashariki mwa Kongo, kampuni ya Studios Kabako ya mwanadansi Faustin Linyekula, iliyoanzia Kinshasa mwaka 2001, hufanya kazi Kisangani.