Ndege za Kale Mikononi mwa Watu Binafsi na Usalama wa Umma

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, maelfu ya ndege za kivita ziligeuzwa vyuma chakavu. Zilizosalia ni chache, na nyingi kati yake hutunzwa na watu binafsi au vyama vya wapenzi wa ndege. Kuzirusha hugharimu fedha nyingi. Kwa hiyo wenyewe huwaalika wananchi wapande kwa malipo, ili ipatikane bei ya petroli na vipuri. Hapo ndipo mali ya mtu binafsi inapokuwa jambo la umma.

Mfano ulio wazi ni B-17 ya Collings Foundation, taasisi ya binafsi ya Marekani. Ndege hiyo iliundwa mwaka 1945, wala haikupigana vita. Mwaka 1952 ilitumiwa katika majaribio ya mabomu ya nyuklia, kisha ikazima moto misituni. Wenyewe waliipa jina la Nine-O-Nine, ndege nyingine iliyovunjwa baada ya vita. (Kwa hiyo abiria walipanda sanamu ya historia, ingawa injini zilikuwa za kweli.) Sheria ya Marekani hairuhusu ndege ya aina hiyo kubeba abiria wa kulipa, mamlaka ya anga, FAA, iliipa idhini ya pekee, kwa hoja kwamba umma huelimika.

Tarehe 2 Oktoba 2019, katika uwanja wa Bradley, Connecticut, iliruka na watu 13. Punde injini namba 4 ikapungukiwa nguvu. Rubani aligeuka kurudi, lakini ndege ikashuka kabla ya kufika, ikagonga taa za uwanja, ikaacha njia na kuteketea. Walikufa watu 7, na 5 kati yao walikuwa abiria. Wachunguzi walitaja kwanza uendeshaji wa rubani, kisha matengenezo duni na usimamizi hafifu wa FAA. Rubani huyo ndiye pia aliyekuwa mkuu wa matengenezo: aliyepaswa kumzuia asiruke alikuwa yeye mwenyewe. Machi 2020 FAA iliifuta idhini.

Ulaya nako, tarehe 4 Agosti 2018, Ju-52 ya mwaka 1939 ilianguka katika milima ya Uswisi, wakafa wote 20. Hapa marubani walikuwa wanajeshi wa zamani wenye uzoefu mkubwa, nao waliingia bondeni chini mno. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwa na mazoea ya kukiuka kanuni.

Abiria hao angalau walichagua kupanda. Huko Shoreham, Uingereza, tarehe 22 Agosti 2015, Hawker Hunter ya kampuni binafsi ilianguka kwenye barabara kuu wakati wa maonyesho, ikawaua watu 11. Wote walikuwa nje ya uwanja.