Kura ya mwenye hisa chache ina uzito gani?

Uwekezaji endelevu hutafuta faida bila kupuuza mazingira, wafanyakazi na uongozi bora wa kampuni. Mojawapo ya vyombo vyake ni kura katika mkutano mkuu wa mwaka.

Mwaka 2008, serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani asilimia 25, kwa shilingi 5 kila moja. Hata mkazi wa Olympic, mtaani Kibera, aliyenunua chache alipata haki ya kupiga kura, ama mwenyewe ama kupitia mwakilishi aliyemteua kwa fomu.

Kura ya kuinua mikono humpa kila mwanahisa sauti moja. Ikipigwa kwa hesabu ya hisa, wakubwa hutawala: baada ya mauzo hayo serikali ilibaki na asilimia 35, Vodafone Kenya 40.

Hivyo mnyonge huhitaji mshirika. Kanuni zilizotolewa mwaka 2017 na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji huhimiza wawekezaji wakubwa, zikiwemo hazina za pensheni, kupiga kura, kujadiliana na wakurugenzi na kueleza walivyofanya. Mfanyakazi anayechangia pensheni ana sababu ya kuuliza: fedha zangu zilipigia kura nini?